Fedha za Duka Zisilale Chini ya Godoro

Katika kambi za askari na polisi nchini Uganda, mara nyingi mshahara wa bwana huongezewa nguvu na biashara ndogo ya bibi: duka la sukari na sabuni, cherehani, au jiko la chapati. Mama huyo ajua kununua na kuuza. Lakini ifikapo jioni, fedha za duka huingia mkebe mmoja na fedha za mboga, na mwisho wa mwezi hakuna awezaye kusema kama biashara imeleta faida au imekula mtaji wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutenganisha fedha hizo mbili ndiyo sababu ya kwanza ya mfanyabiashara kufungua akaunti ya akiba. Ya pili ni usalama, kwa maana moto na wezi havipigi hodi. Ya tatu ni mkopo: benki hupenda kuona mwombaji ameweka fedha kwa miezi mingi bila kukatiza. Ya nne ni wateja wakubwa. Shule au ofisi ya serikali inunuapo vitu, hulipa kwa njia ya benki; asiye na akaunti huikosa kazi hiyo.

Kwa jamaa za askari ipo sababu ya tano, nayo ni uhamisho. Amri ikifika, bidhaa huuzwa kwa haraka, na mtaji wa miaka hufungwa katika kitambaa na kusafirishwa usiku ndani ya basi. Fedha zilizo benki hazihitaji kubebwa.

Mwenye kuweka shilingi 5,000 kwa siku, siku 6 kwa juma, baada ya majuma 52 atakuwa na shilingi 1,560,000, bila kuhesabu riba. Tangu mwaka 2009 wengi hutunza fedha katika simu. Njia hiyo ni nyepesi, lakini fedha zilizo karibu na mkono hutumika upesi.

Wapo waogopao, wakikumbuka benki zilizofungwa mwaka 1998 na 1999. Leo upo mfuko wa kulinda amana, ambao humlipa mteja hadi shilingi 10,000,000 iwapo benki yake itafungwa. Ulinzi huo ni wa taasisi zenye leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana. Vyama vya kuweka na kukopa havimo, hivyo mwanachama hana budi kuhudhuria mikutano na kusoma hesabu za chama chake.

Kabla ya kutia sahihi, mama na aulize mambo matatu: makato ya kila mwezi ni kiasi gani, salio la chini ni lipi, na riba ni asilimia ngapi. Makato yakiizidi riba, akiba ndogo hupungua badala ya kukua. Akiisha kuridhika, na aanze na alichonacho. Akiba haiozi.