Wale Wanne Waliobeba Kitanda

Mwinjili Marko anatusimulia, katika sura ya pili, habari za mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu kule Kafarnaumu. Tunapoisikia Injili hiyo, kwa kawaida twamtazama mgonjwa, au lile dari lililotobolewa. Leo tuwatazame wale wanne waliombeba. Marko hawataji majina, wala hasemi kwamba walikuwa ndugu wa damu. Twajua tu kwamba walikuwa wanne, na kwamba Yesu aliiona imani yao. Angekuwapo mmoja tu, hata mwenye upendo mkubwa namna gani, mgonjwa yule asingefika.

Katika parokia zetu wamo wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu ambao hukibeba kitanda hicho peke yao. Miaka inapita, mtoto amekuwa mtu mzima, nao wamezeeka. Moyoni wana swali wasilothubutu kulitamka: sisi tukifa, huyu atabaki na nani?

Mwaka 1989, mjini Vancouver nchini Kanada, wazazi kadhaa walithubutu kulitamka. Wakaunda chama kiitwacho PLAN. Walitambua kwamba nyumba na fedha huweza kuachwa kwa wosia, lakini urafiki haurithishwi. Sharti ujengwe wazazi wangali hai. Chama hicho huisaidia kila familia kumjengea mtoto wao mtandao wake wa marafiki, na huteua mtu wa kuwakutanisha.

Hata kabla ya hapo, mjini Toronto, aliishi Judith Snow, mwanamke aliyetumia kiti cha magurudumu na aliyehitaji msaada katika karibu kila jambo. Akiwa bado kijana alijikuta katika makao ya wagonjwa, hali yake ikizidi kudhoofika. Marafiki wakiongozwa na mwalimu Marsha Forest walikusanyika kumzunguka, wakajiita Kamati ya Yoshua, wakapigania atoke na apate wasaidizi nyumbani kwake. Alitoka, akawa mwalimu na mwandishi, akaishi hadi mwaka 2015.

Je, sisi tufanyeje? Kwanza, tumwulize mhusika mwenyewe: ni nani anayempenda, nini kinachomfurahisha, angetaka nani awe karibu naye? Asiyeweza kusema kwa kinywa husema kwa macho na kwa tabasamu. Asipoulizwa, tutakuwa tumeunda kamati ya kumwamulia.

Pili, tuwaite watu wachache kwa majina: jirani, mwanakwaya mwenzake, binamu, msimamizi wake wa ubatizo. Tangazo la jumla kanisani huleta huruma ya siku moja. Nao wasiwe wazee watupu. Vijana wawemo, maana safari ni ndefu.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, watu hao wafahamiane wao kwa wao. Ikiwa kila mmoja anajuana na mama tu, siku mama atakapozikwa kamba zote zitakatika pamoja. Wakutane mara kwa mara, wale pamoja, wagawane kazi: mmoja afuatilie dawa, mwingine mambo ya shamba na urithi, mwingine amchukue tu wakaangalie mpira. Mmoja awe mwitishaji. Akihama au akifariki, achaguliwe mwingine upesi.

Hatusemi kwamba ni kazi rahisi. Watu huchoka, na wazazi wengine huona aibu kuomba. Tena tusidhani kwamba mwenye ulemavu hupokea tu. Atawakumbuka wenzake wanapougua, ataombea jumuiya, na atawakutanisha watu ambao bila yeye wasingeketi meza moja.

Ndugu makatekista, tunazo tayari jumuiya ndogondogo. Juma hili, kila jumuiya imtembelee mzazi mmoja wa namna hiyo. Msiende na sukari na sabuni tu. Ketini, mkamsaidie kulitamka lile swali lake, kisha mmwulize mtoto wake angependa kuwaita nani. Msiondoke kabla hamjapata majina manne.

Amina.