Usingizi Barabarani: Kabla Hujamkabidhi Mtu Usukani



Tuseme habari ya msiba imefika jioni. Ndugu yenu amefariki Dar es Salaam, na nyinyi mko Shinyanga. Gari lipo, ni lako mwenyewe. Lakini uliamka saa 11 alfajiri na kutwa nzima umevuna mpunga. Saa 4 usiku unawaambia wenzako, "Ingieni, nitaendesha mwenyewe." Safari hiyo ni karibu kilometa 1,000.

Usiende. Leo tutaeleza sababu, na namna ya kumtafuta mtu wa kukuendeshea.

Wengi wetu huamini kwamba usingizi ni uvivu, na kwamba dereva hodari huushinda. Sivyo. Usingizi ni haja ya mwili, kama kiu. Tena una ukali kuliko kiu, kwa sababu ukizidi haukuombi ruhusa. Ubongo hulala kwa sekunde 3 au 4, pengine macho yakiwa wazi, na mwenyewe hujui. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 4 limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Ndiyo maana katika ajali za namna hii mara nyingi huoni alama za breki barabarani. Aliyelala hafungi breki.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walieleza jinsi walivyowapima watu waliokaa macho muda mrefu. Baada ya saa 17 bila kulala, uwezo wao ulipungua sawa na wa mtu ambaye damu yake ina pombe asilimia 0.05. Baada ya saa 24 walikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10. Sasa hesabu mwenyewe: kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni saa 17. Hujagusa hata tone la pombe, lakini unaanza safari kama mtu aliyekunywa.

Tena mwili una saa yake. Usingizi huwa mzito kuanzia saa 8 usiku hadi karibu na mapambazuko, na hurudi kidogo mchana, saa 8 hadi saa 10. Ukiondoka Shinyanga saa 4 usiku, saa hizo mbaya zitakukuta Singida au mbele yake, ukielekea Manyoni na Dodoma, giza tupu na abiria wote wanakoroma.

Je, kufungua dirisha, kuwasha redio na kunawa uso havisaidii? Husaidia dakika chache tu. Mimi mwandishi niliwahi kujimwagia chupa nzima ya maji kichwani, na baada ya muda mfupi nikasinzia nikiwa nimelowa. Mirungi huficha uchovu tu, haiuondoi. Baadhi ya vidonge vya mafua na mzio, kama Piriton, huongeza usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala. Ukiona unapiga miayo mfululizo, gari linayumba, au hukumbuki kilometa chache ulizopita, simama. Usisimame kando ya barabara gizani, maana lori linaweza kukugonga. Tafuta kituo cha mafuta au mahali penye watu. Kunywa kahawa, kisha lala dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka ikiwa imeanza kukusaidia. Hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala, si ya kukuvusha usiku mzima.

Basi, tafuta dereva. Hapa watu wengi hukosea. Huuliza bei, huangalia leseni, wakaridhika. Leseni ni lazima, na iwe ya daraja la gari lako. Uliza pia kama bima yako inamhusu mtu mwingine anayeliendesha. Lakini swali kubwa ni hili: "Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?" Dereva wa kibarua huishi kwa kazi anayoipata. Huenda ameshuka kwenye lori asubuhi hii, naye hatakuambia, kwa kuwa anaihitaji fedha yako. Mwulize kwa upole, na mwenzako aulize tena baadaye. Majibu yakitofautiana, mtafute mwingine.

Jambo la pili ni malipo. Ukimlipa kwa safari, atakimbiza ili awahi nyingine. Mlipe kwa siku. Pangeni kupumzika kila baada ya saa mbili hivi. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori hapiti saa 4 na nusu bila mapumziko ya dakika 45. Gari lako halina mkaguzi, mkaguzi ni wewe. Anayekaa kiti cha mbele asilale, na wote mfunge mikanda.

Kama dereva mwenye usingizi wa kutosha hapatikani usiku huo, piga simu Dar es Salaam, waambie mtaondoka saa 12 asubuhi. Mazishi yasipoweza kusubiri, pandeni basi. Tangu mwaka 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na yale ya safari ndefu huwa na madereva wanaopokezana.

Na mkifika msibani? Hapo ndipo dereva husahaulika. Hutumwa kuleta maji, kufuata turubai, kupokea wageni stendi. Usiku waombolezaji hukesha uani, naye huambiwa alale garini alinde mizigo. Kesho yake mnamkabidhi roho zenu kwa kilometa 1,000 nyingine. Mzee wa familia aseme mapema: kijana huyu apewe chakula, godoro na chumba kisicho na kelele, na asiamshwe mpaka amalize usingizi wake. Mizigo italindwa na mwingine, na kuondoka kutangoja aamke.