Sarafu za Zamani na Zaka

Wapo watu wanaotunza sarafu za kale miaka na miaka, na kila akija mgeni huzitoa wakazitazama upya. Wengi huitamani ile ya dhahabu ya rupia 15. Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakati wa vita. Ina tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima.

Mimi naipenda zaidi ya shaba ya Kilwa. Ni ndogo, wala haina mwaka. Upande mmoja imeandikwa kwa Kiarabu jina la Sultani Ali bin al-Hasan, na upande wa pili kwamba anamtegemea Mola Mwenye neema. Maneno ya pande mbili yana kina kimoja, kama shairi!

Sasa swali: anayezihifadhi kwa kuzitazama tu, azitolee zaka? Shaba haina zaka, ila ikiwa ni bidhaa ya biashara. Dhahabu inayo, hata ikilala sandukuni, kwani sarafu si pambo la kuvaliwa ambalo madhehebu yetu ya Shafi imelisamehe.

Nisabu ni mithqali 20, yaani gramu 85 za dhahabu safi. Sarafu ya tembo ina uzito wa gramu 7.2 hivi, na robo tatu tu ndiyo dhahabu, kiasi cha gramu 5.4. Basi hadi zifike 16. Lakini mwenye moja na vipande vingine vya akiba avijumlishe pamoja. Vikitimia nisabu na mwaka wa Hijria ukipita, atoe fungu moja katika arubaini.