Hadithi ya Kutisha Hainunuliwi Nusu

Anayependa hadithi fupi za Kiswahili huku Lusangi, Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ana njia tatu: fotokopi, simu, au kitabu chenyewe kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nimezijaribu zote, na kipimo changu ni kimoja: itanifikisha ukurasa wa mwisho? Kisa cha watu wa nyumba moja wanaoogopana hukubana pumzi mpaka mwisho. Ukiukosa mwisho, umetupa pesa.

Fotokopi ni rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyonitia hasara. Nilinunua "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, kisa cha Sara, mwanafunzi aliyebakwa, akashika mimba, akabaki na hofu ya baba yake. Mashine ilikuwa imekata mstari wa chini wa kila ukurasa, na karatasi ya mwisho haikuwemo. Nililala na hofu ya yule binti kifuani. Mwandishi naye hakupata hata faranga moja.

Simu haidai nauli, lakini inadai mega, halafu inadai chaji. Mwenye sola yake nyumbani simbishii. Sisi tunaolipia kuchaji kibandani tunajua betri inavyozimika kisa kikikolea.

Kwa hiyo nashauri karatasi, na kitabu cha kuanzia ni *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, kilichotolewa na Longhorn mwaka 2016. Sara yumo. Imo pia "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, ambamo Dadi anatafunwa na wivu juu ya mkewe Kidawa. Kilikuwa kitabu cha mtihani wa sekondari Kenya kabla ya *Mapambazuko ya Machweo* kushika nafasi yake, kwa hiyo nakala zilizokwisha kutumika zipo, na bei yake ni nafuu kuliko mpya. Tena maelezo ya penseli waliyoandika wanafunzi pembeni hutusaidia sisi tunaosema "hadisi" badala ya hadithi.

Kinachokula pesa ni njia: Nairobi, Bujumbura, Uvira, Fizi, kisha pikipiki hadi Kabambare katika matope. Usiagize nakala peke yake. Mwombe mfanyabiashara anayefuata vitenge Uvira aifunge ndani ya mzigo wake, kwenye plastiki, na mpatane kabla hajaondoka bei ya kuifikisha mlangoni kwako, na kama ni kwa dola au faranga. Ikifika, hesabu kurasa kwanza, hasa za mwisho, ndipo ulipe.

Sisi tulichanga nyumba nne. Jioni niliposoma kwa sauti habari za Dadi, jirani yangu na mkewe walikuwa wamekaa mkeka mmoja. Nilipofunga kitabu hakuna aliyesema neno. Kisha mume akanyoosha mkono, akaomba kitabu kilale kwake usiku ule. Mkewe akaokota taa, akatangulia kutoka.