Sura ya 6: Anwani za Kuazima

Tuchukue ofisi ya halmashauri yenye kompyuta 90. Kila siku hupokea wageni wapya 40, kila mmoja na kifaa chake. Fundi alitenga anwani za IP 254, kuanzia 192.168.10.1 hadi 192.168.10.254. Ishirini za mwanzo akaziweka kando kwa ajili ya ruta, seva na printa. Zikabaki 234 za kugawa. Kwa kuhesabu vichwa, akiba ni tele.

Jumatatu hadi Jumatano mambo yanakwenda. Alhamisi, mgeni wa 25 anawasha laptopu, alama ya Wi-Fi inajaa, lakini hakuna kinachofunguka. Akichungulia mipangilio anakuta anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni dalili ya mashine iliyoomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe.

Zimekwenda wapi? Ugawaji ni kazi ya DHCP, utaratibu ambao maelezo yake, RFC 2131, yaliandikwa na Ralph Droms mwaka 1997. Kifaa kikiingia mtandaoni hupiga hodi kwa wote: jamani, nani anagawa anwani? Seva huitikia: ipo 192.168.10.57. Kifaa: basi naomba hiyo. Seva: haya, ni yako kwa siku 8.

Uzito uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Anwani huazimwa tu. Nusu ya muda ikipita, kifaa kilichopo huomba kuongezewa. Simu ya mgeni, kwa kawaida, huondoka bila kuaga, na seva huendelea kuitunzia anwani yake mpaka siku zitimie. Siku 8 ndizo Windows Server huja nazo, na zinaifaa kompyuta isiyotoka mezani. Lakini mgeni aliyekaa dakika 20 kusubiri risiti naye ameshika anwani kwa zaidi ya wiki. Ndivyo Jumatatu zilivyotumika 130, Jumanne 170, Jumatano 210. Alhamisi zilibaki 24.

Wengi hapo hukimbilia kuongeza anwani. Anza na muda. Wape wageni saa 2 tu: hata waje wote 40 kwa mkupuo, hazitatumika zaidi ya 130.

Kwa kuwa seva hupanga muda kwa fungu zima la anwani, wageni wapewe mtandao wao na fungu lao. Ukiwatenga hivyo, kumbuka kwamba hodi ya kifaa haivuki ruta. Ruta iagizwe kuifikisha kwa seva, la sivyo wageni watabisha hadi wachoke.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ofisi ina vifaa vingapi, uliza kila kimoja kinakaa muda gani. Mgeni hukaa dakika, mtumishi hushinda kutwa. Printa ya masijala haina safari: iandikiwe anwani yake ya kudumu.