Paa Lako Katika Ramani ya Mwingine

Salia Musala, wilayani Koboko, ndipo Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zinapogusana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Tuseme mtu anarusha droni hapo hadi mita 120. Kwa hesabu ya mviringo wa dunia, kutoka urefu huo upeo wa macho uko karibu kilomita 39, kama kilima hakikuziba. Chombo hakijatoka Uganda, ila kamera yake inaona nchi mbili nyingine.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unasema katika ibara ya 8 kwamba chombo kisicho na rubani hakiruhusiwi kuruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu. Ibara ya 36 inaipa kila nchi haki ya kukataza au kuwekea masharti kamera zilizo ndani ya ndege zinazoruka juu ya ardhi yake. Kamera inayochungulia kutoka ng'ambo haikutajwa. Mwaka 1944 hakuna aliyewaza kwamba siku moja chombo kidogo cha kubebwa kwenye begi kingeweza kupiga picha za kijiji kizima kabla chai haijapoa.

Tunapozungumzia dhima ya droni, wengi hufikiria ajali. Hilo ndilo rahisi. Droni ikimwangukia ng'ombe wa mtu kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko, ng'ombe anaonekana, mabaki ya chombo yanaonekana, na bei ya ng'ombe sokoni inajulikana. Ugumu uko kwenye kile ambacho droni imeondoka nacho. Picha haina damu wala mabaki. Madhara yake yanaweza kuchukua miaka kujitokeza, na kufikia hapo imeshapita mikononi mwa watu wengi.

Kwanza tuone picha inavyogeuka ramani. Droni ya kupima ardhi huenda na kurudi kwa mistari sambamba, ikipiga picha zinazopandana kwa asilimia 70 hadi 80, ili kila mti na kila paa lionekane katika picha kadhaa kutoka pembe tofauti. Programu ya kompyuta hutafuta alama zinazofanana katika picha hizo, hukokotoa kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, kisha huziunganisha kuwa picha moja pana inayopimika kama ramani. Kwa kuruka mita 100 juu, kamera ya kawaida hutoa picha ambayo nukta yake moja ni kama sentimita 3 ardhini. Uso wa mtu hautambuliki hapo, lakini nyumba zinahesabika, choo kipya kinaonekana, shamba la mihogo linaonekana, na kijia kinachotoka nyuma ya nyumba kuelekea mtoni kinafuatika chote.

Watu hudhani picha kali ni picha sahihi. Sivyo. GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na kosa hilo hubaki ndani ya ramani mpaka wapimaji waweke alama ardhini, wazipime kwa vifaa bora, na kuzitumia kusahihisha. Ramani inaweza kuonyesha hata matawi ya mwembe na bado ikausogeza mpaka wa shamba mita tatu. Katika West Nile, eneo ilipo Koboko, hilo si dogo. Sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya kimila, mfumo unaotambuliwa na Katiba ya 1995, na mipaka yake hukaa katika miti, vijito, makaburi na kumbukumbu za wazee wa ukoo. Katika makazi ya wakimbizi, kiwanja cha kujenga mara nyingi kimekuwa mita 30 kwa 30. Kosa la mita tatu linakula sehemu ya kumi ya upana wake. Ikiwa mradi wa barabara au wa nyaya za umeme unalipa fidia kwa kuitegemea ramani hiyo, tayari kuna anayelipwa haki ya jirani yake.

Mahakama za Uganda zimerithi mapokeo ya sheria ya Uingereza, na huko kuna kesi moja ambayo kila anayerusha droni angefaa kuijua. Lord Bernstein aliishtaki kampuni ya Skyviews kwa kuipiga picha nyumba yake kutoka angani bila ruhusa. Alishindwa. Jaji Griffiths aliona kwamba haki ya mwenye ardhi juu ya anga lake inaishia kwenye urefu anaouhitaji kwa matumizi ya kawaida ya ardhi yake. Hata hivyo aliacha mlango wazi: mtu akichunguzwa kutoka angani mfululizo na kila hatua yake ikapigwa picha, mahakama inaweza kumlinda. Wakati huo kumchunguza mtu hivyo kulihitaji ndege, rubani na mafuta. Leo kunahitaji betri.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ndiyo inayogusa jambo lenyewe. Inaeleza taarifa binafsi kuwa ni zile zinazoweza kumtambulisha mtu, na inaongeza taarifa nyingine zilizo mikononi mwa mdhibiti, yaani anayeamua taarifa zitumikeje, au zinazoelekea kumfikia. Nyongeza hiyo inabeba mzigo mkubwa. Paa la nyasi katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, Koboko, halimtambulishi mtu. Liunganishe na namba ya kiwanja, kisha namba ya kiwanja na daftari la usajili, na sasa una jina la mama, idadi ya watoto wake na nchi aliyoikimbia. Basi yeyote aliye na picha na daftari pamoja, au anayejua kwamba vitakutana, kwa maoni yangu hawezi kujitetea kwamba alipiga picha za mapaa tu.

Mtu aliyepata hasara au fadhaa kwa sababu sheria hiyo imevunjwa anaweza kuomba fidia mahakamani, na mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kuthibitisha kwamba alichukua tahadhari ya kutosha. Anayepata au kutoa taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 4.9 au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili; shirika linaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Malalamiko hupelekwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari.

Sheria hiyo ina nguvu, lakini ina nyufa mbili ambazo mtu wa West Nile anaziangukia zaidi kuliko mtu wa Kampala. Ufa wa kwanza ni mipaka yake. Inamfunga kila anayekusanya au kuchakata taarifa ndani ya Uganda, awe nani. Kwa walio nje ya nchi, inawafunga wanaoshughulikia taarifa za raia wa Uganda. Mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeko katika makazi ya Imvepi, West Nile, si raia. Picha za kiwanja chake zikipelekwa kuchakatwa na kampuni ya Ulaya, mkono wa sheria unabaki kwa aliyezikusanya na kuzituma. Sheria inamtaka ahakikishe kwamba kuna ulinzi unaolingana huko ziendako, au awe na ridhaa ya mhusika. Kwa hiyo mtumaji wa kwanza ndiye wa kushikwa, na jina lake lazima lijulikane.

Ufa wa pili ni kinga. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanalindwa na mkataba wa 1946 yasishtakiwe katika mahakama za nchi. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitoa sera yake ya kulinda taarifa za watu mwaka 2015, na ni sera nzuri, lakini sera ya ndani si hukumu ya Mahakama Kuu ya Arua. Aliyedhurika anabaki kutegemea hisani ya yuleyule anayemlalamikia.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti 2016 baada ya mapigano ya Juba, Sudan Kusini, na katika muda usiotimia mwaka yalikuwa na watu zaidi ya 270,000. Mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba takwimu za wakimbizi zimetiwa chumvi, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki wakimbizi upya nchi nzima. Katika hesabu ya watu milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Katika hali hiyo picha ya angani inakuwa ushahidi. Anayehesabu mapaa anaweza kushawishika kwamba nyumba iliyofungwa haina mtu, kumbe mwenyewe amevuka kwenda kutazama shamba lake upande wa pili wa mpaka. Picha imesema kweli kuhusu paa, na mgao wa chakula ukakatwa kwa uongo.

Wenyeji wa West Nile wanalielewa hili bila kufundishwa. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wengi wao walikimbilia Sudan na Zaire. Barbara Harrell-Bond aliwafanyia utafiti huko Yei, si mbali na Koboko, na katika kitabu chake Imposing Aid cha 1986 alieleza jinsi misaada ilivyopangwa na wageni bila kuwasikiliza wanaopokea. Droni inarahisisha kosa hilo, maana mpangaji hana haja hata ya kushuka kwenye gari.

Zanzibar ilichagua njia ya uwazi. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wa hapohapo wakirusha, na picha hizo zikawekwa wazi kwa umma. Kwa mpango wa miji na kwa kukabili mafuriko, naona walifanya vizuri sana. Lakini mfano huo usihamishwe mzimamzima hadi Koboko. Picha kali za makazi yaliyo karibu na mpaka, zikiwa wazi kwa kila mtu, zinawafikia pia wenye silaha ambao wakimbizi waliwakimbia. Hizo zipunguzwe ukali, zicheleweshwe, au zisitolewe kabisa.

Nawaomba wenyeviti wa mabaraza ya vijiji (LC1) na wajumbe wa kamati za wakimbizi: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hakitoshi, kwa sababu kinahusu kuruka. Kabla droni haijainuka, daini karatasi nyingine yenye jina la mtu au shirika litakalotunza picha, mahali zitakapohifadhiwa, wote watakaopewa, siku zitakapofutwa, na kiwango cha kosa la ramani kwa mita. Isomwe kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba au Kiswahili mbele ya watu, na nakala moja ibaki kijijini. Asiyekubali kutia sahihi karatasi hiyo asirushe.