Santuri Hizi Zina Wenyewe

Tulipopita Msowero, kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, tulisimama kunywa chai karibu na kibanda cha kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuwatilia watu nyimbo katika simu. Mteja huja na kadi yake iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hutoa fedha kidogo, naye kijana humjazia nyimbo mia mbili au mia tatu. Hatukwenda pale kumhukumu, anatafuta riziki. Ila siku ile alikuwa akipiga wimbo kwa sauti kubwa, na gitaa la wimbo ule tulilitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tukamwuliza, "Huyu ni nani?" Akatazama kioo cha mashine yake, akatujibu kwa adabu, "Hapa imeandikwa Zilipendwa kumi na nne, mzee. Nadhani ni Wakenya."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi letu akaweka kikombe chini. "Wakenya wa wapi, mjukuu wangu? Huyo ni Mbaraka. Huyo ni wa hapa hapa Morogoro."

Ndugu wasomaji, jibu la kijana yule limetukaa moyoni. Msowero imo katika Wilaya ya Kilosa, na Kilosa imo katika Mkoa wa Morogoro. Yaani wimbo ule ulikuwa nyumbani kwao, na watu wa nyumba hiyo wamekwisha kusahau jina la mwenyewe. Hata neno hilo "zilipendwa" hatulipendi sana. Lasema kana kwamba mapenzi yalikwisha zamani, na nyimbo zenyewe zilitungwa na watu wasio na majina.

Vijana wasitatizwe na neno jazi. Jazi ya kina Louis Armstrong na Duke Ellington wa Marekani ni jambo jingine. Huku kwetu neno hilo lilishika maana ya bendi ya dansi: magitaa, ngoma, na saksafoni au tarumbeta kwa bendi iliyojiweza. Ndiyo maana tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Morogoro Jazz. Kama kuna damu ya ng'ambo katika muziki huo, basi ni ya Kuba zaidi. Santuri za Kikuba zenye herufi GV zilienea Afrika tangu miaka ya 1930, na vijana wengi walizisikiliza katika gramafoni mpaka wakazijua kwa moyo. Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah, mzaliwa wa mji wa Morogoro, aliyeanzisha bendi yake mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, kisha akaiita Cuban Marimba. Jina lenyewe latoa ushahidi.

Basi mji mmoja ulikuwa na majogoo wawili. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na mwaka huo huo, mwezi wa Juni, alizaliwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye alijiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960 na kuifikisha Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 alitoka akaunda Super Volcano. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye alipatwa na ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, akafa akiwa na umri wa miaka 34. Barabara ilituchukulia wote wawili.

Watu huuliza kwa nini Morogoro. Jibu liko kwenye mkonge na reli. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea mpaka huku Kilosa na Kimamba. Mwisho wa mwezi palikuwa na mishahara, na bendi zilifuata mishahara hiyo. Waliolipa kiingilio walikuwa wakata mkonge, vibarua wa reli, makarani na madereva. Hatusemi hivi kwa kujipendekeza kwa wafanyakazi. Twasema kwa kuwa shilingi zao ndizo zilizonunua nyuzi za magitaa yale.

Na wanamuziki nao walikuwa wafanyakazi. Baadhi ya wenzetu hudhani kupiga gitaa ni mchezo wa mtu asiyetaka jembe. Na asikilize vizuri santuri moja ya Morogoro Jazz. Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa na dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa: upande wa kwanza maneno na kisa, upande wa pili magitaa yakiachiwa uwanja ili watu wacheze. Gitaa la solo la Mbaraka huanza kwa sauti chache, huzirudia, hugeuza moja tu, na kabla hujatambua limekwisha kukuhamisha mahali ulipokuwa umekaa. Anayezitoa upya santuri hizo akakata upande wa pili ili kuokoa nafasi amewauzia watu nusu ya wimbo. Wengi husifu "Shida", alioupiga na Super Volcano, na hatuwakatazi. Lakini kwa masikio yetu kazi zake za Morogoro Jazz zina utulivu ambao hakuupata tena.

Lakini jasho hilo lilikwenda wapi? Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilikuwa na njia mbili: kwenda Kenya kurekodi kwa wafanya biashara, au kwenda kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Redioni maneno yalipimwa kwanza na kamati, kisha bendi nzima ikapiga kwa pamoja, sauti na ala, kwenye utepe mmoja. Utepe ukabaki redioni, mwanamuziki akarudi kwao na malipo madogo ya mara moja. Hatuilaumu redio; pasipo tepu zile leo tusingekuwa na la kuzungumza. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa na nafuu, kwani wapigaji wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Wapigaji wa Morogoro walitegemea mlango.

Baadaye nyimbo hizo zilianza kutolewa upya. Nairobi zilitoka santuri za "Ukumbusho" za Mbaraka. Ujerumani, kampuni ya Dizim ilitoa "Ngoma Iko Huku", mkusanyo wa Salum Abdallah wa miaka ya 1955 hadi 1965, na "Masimango" wa Mbaraka. Twakiri kwa haya kidogo kwamba msikilizaji wa Berlin amewekewa jina la Salum na miaka ya kazi yake, hali kijana wa Msowero amepewa namba kumi na nne.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo haki za utunzi wa Salum zilikoma mwaka 2015. Za Mbaraka zinafika mwisho wa mwaka 2029, na hapo warithi wake hawatakuwa na la kudai. Miaka iliyosalia si mingi. Lau kila anayetumia nyimbo hizi angeandika jina la mtunzi na la bendi, ingejulikana pa kuanzia kutafuta fedha za wenyewe. Pasipo jina hakuna dai. Na sisi tumo katika kosa hili: mara ngapi nyimbo hizi zimepigwa kwenye mikutano yetu ya hadhara ili watu wakusanyike, na hakuna aliyeshika kipaza sauti akasema ni za nani?

Pale Msowero kijana hakubisha. Alivuta kiti, akamwomba mzee asikilize nyimbo moja moja amtajie, naye akawa anafuta namba na kuandika majina. Tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne ilikuwa ya Cuban Marimba. Mzee akasema ni ya Salum Abdallah mwenyewe, mama muuza chai akasema la, hiyo ni ya Juma Kilaza aliyeishika bendi baada ya Salum kufa. Wimbo ukarudishwa mwanzo mara mbili. Gari letu likapiga honi, tukalipa chai, tukawaacha wanabishana.